Kufundisha Somo la Mwanga kwa Uzi wa Kioo Unaolinda Mashine na Wanyama

Siku moja nilikuwa nikifundisha Sayansi katika darasa la sita. Nilikuwa nimekwisha kuandika ubaoni sentensi ambayo kila mwalimu anaijua: "Mwanga husafiri katika mstari mnyoofu." Tulikuwa tumetoboa kadi tatu, tukazisimamisha sambamba, tukautazama mshumaa kupitia matundu yake, na darasa zima likaridhika. Ndipo mtoto mmoja aliyeketi nyuma aliponyosha mkono akauliza: "Mwalimu, mafundi wanaochimba mtaro kando ya barabara walituambia kuwa mkongo wanaoufukia hupitisha mwanga. Lakini mimi nimeuona umezungushwa kama kamba. Mwanga unapitaje mle ndani, nao hauwezi kupinda?" Nilimjibu kwamba mambo hayo angeyasoma atakapofika sekondari. Akaketi. Hakuuliza swali jingine hadi muhula ukaisha.

Jibu langu halikuwa uongo, lakini lilikuwa kosa la ufundishaji. Mtoto yule alikuwa amefanya hasa lile tunalolitaka: alichukua kanuni aliyofundishwa darasani, akailinganisha na jambo aliloliona kwa macho yake, akagundua kwamba mawili hayo hayapatani. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi ili asirudie kosa langu. Yataeleza jinsi mwanga unavyopita katika uzi wa kioo, jinsi uzi huo unavyotumika leo kuzichunga mashine na wanyama, na jinsi ya kulifundisha jambo hilo kwa zana zinazopatikana katika shule yoyote ile.

Mwanga katika uzi wa kioo

Yafaa kwanza tuirekebishe kanuni yetu wenyewe. Mwanga husafiri katika mstari mnyoofu maadamu umo ndani ya kitu kimoja kisichobadilika, kama vile hewa tupu, maji matupu au kioo kitupu. Unapofika kwenye mpaka wa vitu viwili mambo hubadilika. Sehemu yake hupenya na kupinda, na sehemu nyingine huakisiwa. Mwanga ulio ndani ya maji ukiupiga uso wa maji kutoka chini kwa mlalo mkubwa, haupenyi hata kidogo kwenda hewani, bali wote huakisiwa na kurudi majini. Kwa maji na hewa jambo hili hutokea pembe kati ya mwanga na mstari wa wima inapozidi digrii 49 hivi. Kwa kioo cha kawaida na hewa, digrii 42 hivi. Uso wa maji basi huwa kioo cha kujitazamia, tena kioo bora kuliko kile cha ukutani.

Uzi wa kioo hutumia siri hiyo. Una kiini cha kioo safi sana kilichozungukwa na ganda la kioo cha aina nyingine kidogo. Unene wake wote, kiini pamoja na ganda, ni sehemu 1 katika 8 za milimita, na katika nyuzi za mawasiliano ya mbali kiini chenyewe hakifiki hata milimita 1 ikigawanywa mara 100. Mwanga unaoingia kwa mlalo huakisiwa mpakani mwa kiini na ganda, ukaenda mbele, ukaakisiwa tena, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Kati ya akisi moja na nyingine unakwenda katika mstari mnyoofu. Kanuni ya ubaoni haikuvunjwa. Ilikuwa haijakamilika tu. Wataalamu wanapozungumzia nyuzi nyembamba kabisa hutumia nadharia ya mawimbi, lakini kwa madarasa ya shule ya msingi picha hii ya akisi inatosha wala haipotoshi.

Jambo hili lilionyeshwa zamani. Mwaka 1841 Jean-Daniel Colladon wa mji wa Geneva, Uswisi, aliuonyesha umati jinsi mwanga unavyofuata mchirizi wa maji uliopinda. John Tyndall alifanya onyesho kama hilo London mwaka 1854. Hata hivyo vioo vya siku zile vilikuwa vichafu mno kupeleka mwanga mbali. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, walieleza kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kitafaa kwa simu, mradi baada ya kilomita 1 ibaki angalau sehemu 1 katika 100 ya mwanga. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning, Marekani, waliifikia shabaha hiyo. Nyuzi za leo hubakiza sehemu 95 hivi katika 100 baada ya kilomita 1. Mikongo mikubwa iliyopita chini ya bahari ilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na tangu hapo neno "mkongo" limeingia katika mazungumzo ya kila siku.

Kasoro iliyogeuka kuwa faida

Mtu wa simu anataka uzi wake usijali lolote. Ukikunjwa, ukipashwa joto au ukitikiswa, ujumbe ufike salama. Lakini hakuna uzi usiojali kabisa. Mtikiso huuvuta uzi kidogo sana, joto huutanua, na mwanga uliomo ndani hubadilika kwa kiasi kidogo. Wataalamu waliona kwamba mabadiliko hayo, ambayo kwa mtu wa simu ni usumbufu, kwa mtu mwingine yaweza kuwa habari. Uzi unaotumiwa kwa njia hiyo tunauita kihisio.

Njia mbili zinatosha kwa mwalimu kuzijua. Njia ya kwanza ni kuweka alama ndani ya kiini. Mwaka 1978 Kenneth Hill na wenzake nchini Kanada waligundua kwamba mwanga mkali unaweza kuacha ndani ya kioo mfululizo wa mistari midogo sana. Mistari hiyo huakisi rangi moja tu ya mwanga na kuziacha nyingine zipite. Uzi ukivutika au ukipata joto, nafasi kati ya mistari hubadilika, na rangi inayorudi hubadilika nayo. Jicho haliwezi kuiona tofauti hiyo, lakini chombo huipima. Basi alama moja ni sawa na kipimajoto kimoja, au kipimio kimoja cha mvutano, na alama nyingi huweza kupangwa katika uzi mmoja.

Njia ya pili haihitaji alama yoyote. Kioo, hata kiwe safi namna gani, kina chembechembe za kutolingana ambazo hutawanya mwanga kidogo na kuurudisha nyuma. Mtawanyo huo ni wa jamii moja na ule unaoifanya mbingu ionekane buluu. Chombo kilicho mwanzoni mwa uzi hupeleka mapigo mafupi ya mwanga wa leza, kisha husikiliza mwanga unaorudi. Katika kioo mwanga huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Mwanga uliorudi baada ya sekunde 1 ikigawanywa mara 10,000 umesafiri kilomita 20 kwa jumla, yaani umerudi kutoka umbali wa kilomita 10. Kwa kupima muda, chombo hujua mahali. Kwa kupima mabadiliko ya mwanga wenyewe, hujua kwamba hapo pametetemeka. Hivyo uzi mmoja wa makumi ya kilomita huwa kama safu ya maelfu ya masikio yaliyozikwa ardhini.

Kuzichunga mashine

Kwa nini watu wapendelee kioo, ilhali vipimajoto vya waya wa shaba vipo? Sababu ya kwanza ni kwamba kioo hakipitishi umeme. Ndani ya transfoma kubwa, mahali penye joto kali kuliko pote ni katikati ya nyaya zilizosokotwa, na hapo ndipo panapoungua kwanza. Kupenyeza waya wa shaba katika umeme mkali namna ile ni kualika balaa. Uzi wa kioo huweza kukaa mle bila ya kusumbuliwa na umeme wala usumaku, ukatoa habari za joto mapema, kabla mafuta hayajawaka na mji haujabaki gizani.

Sababu ya pili ni urefu. Katika migodi kuna mikanda ya kusafirishia mawe ambayo huenda kilomita kadhaa, nayo hupita juu ya mamia ya magurudumu madogo. Kila gurudumu lina beringi zake. Beringi ikianza kulika, kwanza hubadilisha sauti yake, kisha hupata joto, na mwisho gurudumu hukwama, na msuguano wake unaweza kuwasha moto. Mtu akitembea na tochi hawezi kuyasikiliza magurudumu yote kila saa. Uzi uliofungwa kando ya mkanda huweza kusikiliza mtetemo wa kila mahali mchana na usiku, na fundi akaambiwa ni gurudumu la eneo gani lililoanza kulalamika.

Mwalimu aone hapa jambo linalofaa kusisitizwa darasani: mashine, kama mgonjwa, hutoa dalili kabla ya kuanguka. Fundi stadi wa gari huinamisha sikio kwenye injini kabla hajashika spana. Uzi wa kioo haukuleta hekima mpya katika hilo. Umerefusha sikio la fundi.

Kuwachunga wanyama

Mfano ulio bora kwa watoto, kwa kuwa unaunganisha mashine na mnyama, unatoka kaskazini mashariki mwa India. Huko reli hupita katika misitu ambayo makundi ya tembo huivuka kwenda kutafuta malisho na maji, na kwa miaka mingi tembo wamegongwa na treni, hasa usiku. Shirika la reli la eneo hilo lilianza kutumia mkongo uliofukiwa kando ya reli. Hatua za tembo hutetemesha ardhi, mtetemo huutikisa uzi, na chombo hutambua mahali ulipotoka. Habari hupelekwa kwa mkuu wa stesheni na kwa dereva wa treni ili apunguze mwendo. Majaribio yalifanyika katika sehemu kama ile ya kati ya Chalsa na Hasimara, na mwaka 2023 serikali ya India ilitangaza kwamba mfumo huo, uitwao Gajraj, yaani mfalme wa tembo, ungeenezwa katika njia nyingine za misituni.

Wanyama wa baharini nao wamesikilizwa vivyo hivyo. Mwaka 2020, katika visiwa vya Svalbard vya Norwe, watafiti waliunganisha chombo chao na mkongo wa mawasiliano uliokuwa tayari chini ya bahari kati ya Longyearbyen na Ny-Ålesund. Kwa kutumia kilomita 120 za uzi walisikia sauti za nyangumi na kukadiria mahali walipokuwa. Hakuna nyangumi aliyefungwa kitu mwilini, wala hakuna aliyefukuzwa kwa mashua. Mkongo uliowekwa kwa ajili ya mazungumzo ya wanadamu uligeuka kuwa sikio la bahari.

Kwetu Afrika ya Mashariki mfano wa India si mgeni. Reli ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017 inapita katika hifadhi ya Tsavo, na chini yake zimeachwa njia za wanyama kupita. Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi: ni ipi njia bora, kumjengea tembo njia chini ya reli, au kumwonya dereva? Au je, zote mbili zahitajika? Swali hilo halina jibu moja, na kwa hiyo linafaa sana kujadiliwa kwa vikundi.

Jinsi ya kulifundisha somo

Somo hili lahitaji vipindi viwili. Lengo lake ni kwamba mwishoni kila mwanafunzi aweze kueleza kwa maneno yake mwenyewe jinsi mwanga unavyofuata njia iliyopinda, na jinsi kukatizwa kwa mwanga kunavyoweza kutupa habari.

Zana ni chupa ya plastiki inayopenyeza mwanga, msumari, tochi, beseni, maji safi, na mablanketi au kanga za kuzibia madirisha. Toboa tundu la ukubwa wa penseli karibu na sehemu ya chini ya chupa. Ziba tundu kwa kidole, jaza maji, na funga kifuniko. Ifunike chupa kwa kitambaa cheusi, ukiacha wazi tundu na mahali pa tochi. Washa tochi nyuma ya chupa ili imulike moja kwa moja kuelekea tundu. Fungua kifuniko, ondoa kidole, na acha maji yachuruzike ndani ya beseni katika chumba chenye giza.

Hatua ya kwanza ni kukisia. Kabla ya kuondoa kidole, waulize wanafunzi: mwanga utaangukia wapi, ukutani au ndani ya beseni? Waandike makisio yao. Usiiruke hatua hii, maana mwanafunzi asiyekisia huliona ajabu bila ya kujifunza lolote.

Hatua ya pili ni kutazama. Mwanafunzi akinge mchirizi kwa kiganja. Ataona doa la mwanga kiganjani, na akikishusha kiganja pole pole kando ya mpindo, doa litamfuata. Mwingine atazame pale mchirizi unapokatika na kuwa matone: hapo mwanga hutawanyika ukapotea. Waulize: fundi wa mkongo atajuaje kwamba uzi wake umekatika?

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha somo. Mwanafunzi aguse mchirizi kwa ncha ya kidole, katikati ya njia. Mahali pale patang'aa, kwa sababu mwanga umepata mwanya wa kutoka, na doa la chini litafifia. Sasa uliza: kama ungekuwa chini, umekinga doa kiganjani huku umegeuza uso, ungejua kwamba mtu ameugusa mchirizi? Watoto wengi watajibu wenyewe, na kwa jibu hilo watakuwa wamekivumbua kihisio.

Kipindi cha pili kifanyike uwanjani. Wanafunzi 20 washikane mikono katika mstari. Mwalimu ambonye mkono wa kwanza, naye ampelekee wa pili, na kuendelea. Kwanza pima kwa saa muda wa mbonyo kwenda kwa mwanafunzi wa 20 na kurudi, kisha wa 10. Halafu mteue kwa siri mwanafunzi mmoja awe ndiye "aliyekanyagwa na tembo"; mbonyo ukimfikia aurudishe. Wengine wapige hesabu kutokana na muda peke yake: tembo yuko wapi? Hapa Sayansi na Hisabati zimekutana katika mchezo mmoja.

Malizia kwa hesabu ya treni. Treni inakwenda kilomita 60 kwa saa, na tembo ametambuliwa kilomita 3 mbele yake. Dereva ana dakika ngapi? Jibu ni 3. Sasa mkuu wa stesheni amechelewa dakika 1 kupeleka habari. Imebaki kilomita ngapi? Jibu ni 2, na treni nzito haisimami papo hapo kama baiskeli. Watoto wataona kwamba chombo kimefanya kazi yake, ila uhai wa tembo, na pengine wa abiria, umebaki mikononi mwa mtu anayepokea habari.

Tahadhari kwa mwalimu

Kwanza, mwalimu aseme wazi mahali mfano unapokoma. Katika mchezo wa mikono, mtu mmoja tu ndiye anayerudisha mbonyo. Katika uzi halisi, kila mahali hurudisha mwanga kidogo wakati wote, na chombo hutafuta mahali ambapo mwanga huo umebadilika. Mfano usiotajwa mipaka yake hugeuka kuwa kosa kichwani mwa mwanafunzi.

Pili, atofautishe kati ya kuhisi na kujua. Uzi huhisi mtetemo, hauoni tembo. Ng'ombe, gari, mvua kubwa na treni yenyewe hutetemesha ardhi pia. Kazi ya kutambua ni mtetemo upi ni wa tembo hufanywa kwa kulinganisha mifano mingi, na inaweza kukosea. Onyo la uongo likizidi, watu huacha kulisikiliza, kama wanakijiji waliozoea kelele za mbwa anayebweka ovyo. Onyo likikosekana, mnyama hufa. Kumfundisha mtoto kuuliza "dalili hii yaweza kuwa na sababu gani nyingine?" kutamfaa maisha yake yote, awe mkulima, mganga au fundi.

Tatu, ni usalama. Usitumie kalamu ya leza badala ya tochi, kwa kuwa mwanga wake waweza kudhuru macho, na watoto hawana subira ya kuuelekeza chini. Wala usiwaruhusu watoto kuchezea vipande vya uzi halisi vilivyoachwa na mafundi: vichane vyake ni vidogo mno, huingia katika ngozi na huwa vigumu kuonekana.

Mwalimu mwanafunzi atakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, atakutana na mtoto kama yule wangu. Huenda swali likawa juu ya mkongo, au simu, au jambo ambalo hakuna kitabu cha chuoni kilicholitaja. Asiyejua jibu na aseme hajui, kisha aliandike swali pembeni mwa ubao, na aliache hapo mpaka atakapolipatia jibu pamoja na darasa. Kumwambia mtoto asubiri sekondari ni kumfundisha kwamba kanuni za darasani ni za darasani tu, na yale anayoyaona barabarani hayazihusu. Chupa yenye tundu, tochi na beseni la maji vinatosha kumwonyesha kinyume chake.